Mtamba wa Macho

Igoma, Mwanza
19 Februari 1995

Mume wangu mdogo Venant,

Shikamoo uliyoiandika wakati wa Krismasi imenifikia juzi, mwezi wa pili. Marahaba. Sijui ilikuwa inakuja kwa miguu. Mimi mzima. Kuku wanne wamekufa kwa kideri, waliobaki wazima. Suzana jirani, yule muuza mapanki, anakusalimu. Bado anauza, bado ana mdomo, bado anaazima chumvi yangu na kunirudishia maneno.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, kama nilivyofundishwa kisomo kwenye ghala la pamba nikiwa mtu mzima mwenye mjukuu mgongoni. Mjukuu mwenyewe ni wewe, na ulikojoa kwenye daftari langu la kwanza. Ukiona herufi zimepanda juu ya mstari usicheke. Daftari za siku hizi mistari yake wanaichapa hafifu, nadhani wanabana wino wapate faida.

Sasa jambo langu. Redio, kabla betri hazijafa, ilisema viwanda vya serikali vinauzwa na watu wanarudishwa nyumbani. Wewe uko kwenye kiwanda cha masufuria mwaka wa saba. Nakuuliza neno moja, unijibu neno moja: kazi ipo au haipo? Mama yako amelala Kisesa kaburini. Baba yako ukimjua wewe unijulishe na mimi. Babu yako Luhaga aliniachia wewe tu, na nikifa hakuna mwingine wa kufunga huu mlango. Kwa hiyo sitaki kuzungushwa.

Huku ni kubaya. Sukari tunanunua kwa kijiko, imefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule, na hesabu zilizomo zote zina alama ya kosa. Mafuta ya kula tunapimiwa kwa kifuniko cha soda. Sangara amekuwa mkubwa, anapanda ndege. Minofu yake inaliwa Ulaya, sisi tunauziwa mapanki, kichwa na mgongo, na huo mgongo nao umepanda bei. Nilimuuliza Suzana kwa nini. Akasema, "Bibi, petroli imepanda, gari ndiyo inaleta." Nikamwambia, "Huo ni mfupa, Suzana. Haukupanda kiti cha mbele." Akasema basi niufuate mwenyewe kiwandani. Tukanuniana hadi jioni, kisha akaja kuazima chumvi.

Betri naanika juani. Zinapata nguvu ya kusema nusu habari. Wanakwambia "Waziri amesema bei ya..." halafu kimya. Labda ni afadhali.

Starehe iliyobaki ambayo hakuna aliyeipandisha bei ni bao letu. Watu wanacheka, wanasema mwanamke mzee anacheza bao na mtu aliye Dar es Salaam kwa stempu. Wacheke. Luhaga alichonga mabao mawili kwenye gogo moja, moja ninalo mimi, la pili ulilibeba wewe, na mashimo yanalingana. Zamu yangu hii hapa: nimechukua shimo la sita la nyuma, nimesambaza, nimekula shimo lako la tatu la mbele, kete zote tano. Lisafishe hilo shimo, na usiibe.

Nijibu neno moja.

Aliyekulea,
Kashindye


Tandika, Dar es Salaam
2 Aprili 1995

Kwa mke wangu mkubwa Bibi Kashindye,

Shikamoo bibi. Mimi sijambo, joto tu. Poleni kwa kuku. Msalimie Suzana, mwambie chumvi yako ni mali ya mumeo.

Umeuliza kuhusu kiwanda. Kiwanda kipo palepale bibi, ukipita na basi unaliona geti na mlinzi wake. Usihangaike na redio.

Bei za huku ni hizohizo zenu, ila huku hata maji tunanunua kwa ndoo. Lakini mji una mambo yake. Jumatano iliyopita nilikwenda kutazama mpira, mchana, uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya miti. Kuna vibanda vya video hapa mtaani, unalipa kidogo unaona filamu mbili za karate, na wakati mwingine mwenye kibanda anasahau kututoa na tunaona ya tatu. Jumamosi kuna dansi, mimi nasikiliza kwa nje ya ukuta, muziki haukati tiketi.

Zamu yangu: nimechukua shimo la kwanza la nyuma, kete tatu, ya mwisho imelala hukohuko nyuma. Sijala kitu. Umenibana.

Hayo mambo ya mistari kuwa hafifu nenda hospitali bibi. Isije ikawa siyo daftari.

Wako,
Venant


Igoma, Mwanza
23 Aprili 1995

Venant,

Marahaba. Huku mvua ni ya kutosha, mihogo imesimama. Mtoto wa tatu wa Suzana ameacha shule kwa sababu ya michango, sasa anauza naye mapanki, na ana mdomo kuliko mama yake.

Nimekuuliza kazi, umenijibu geti. Geti halinihusu, mimi si mkaguzi wa mageti. Halafu unaniambia Jumatano mchana ulikuwa kwenye mpira. Jumatano mchana! Mfanyakazi gani wa kiwanda anakaa uwanjani Jumatano saa tisa? Mimi sikusoma lakini siku za wiki nazijua, zilikuwepo kabla ya shule.

Nilikwenda hospitali kwa sababu umesema, na kwa sababu nilimwaga uji pembeni ya kikombe mbele ya wageni. Siku hizi huanzi kwa daktari, unaanzia dirishani. Binti aliyekuwa dirishani akaniambia, "Bibi, siku hizi tunachangia." Nikamwambia, "Mchango ni wa harusi. Nani anaoa?" Foleni nzima ikacheka, yeye hakucheka, nikachangia. Daktari ni mtoto mzuri, mkono wake mwepesi. Amesema hiyo ni presha ya macho. La kushoto halina tena maneno, limepumzika. La kulia anaweza kuliokoa kwa kupasua, lakini iwe kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Likishakufa halifufuki kwa dawa wala kwa kisu. Ametaja na gharama. Sikukaa chini, ila nilishika meza.

Usianze kulia. Ng'ombe wangu, yule mtamba mwekundu ambaye hajazaa, yuko Magu kwa mdogo wangu Nkwabi, amenona. Nimemwambia Nkwabi amuuze mwezi wa nane, watu wakishauza pamba. Huyo mtamba ndiye jicho langu la kulia. Nimemaliza, habari ya macho isirudiwe tena.

Sasa hizo starehe zako. Sisi hatukukosa furaha. Tulilima mchana, tukivuna tunacheza ngoma wiki nzima, na aliyecheza vizuri alipewa mbuzi. Hakuna aliyelipa kuingia kwenye furaha. Ninyi mnalipa mtazame Wachina wanapigana. Ungekuwa na shida ya kuona watu wanapigana ungekuja Igoma siku ya kugawa maji, bure kabisa.

Zamu yangu: shimo la pili la nyuma, nimesambaza, nimekula shimo lako la saba la mbele. Unaisha.

Kazi ipo au haipo?

Kashindye


Tandika, Dar es Salaam
18 Juni 1995

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, stempu imepanda na mambo yalikuwa mengi. Mimi mzima. Nimehama chumba, sasa nakaa na rafiki yangu Nestory, mtu wa kwetu, wa upande wa Sengerema. Anwani ni ileile ya dukani.

Kuhusu ile Jumatano, bibi, kuna zamu za usiku. Mtu wa zamu ya usiku mchana yuko huru.

Usitulaumu sana kwa starehe. Maisha yamebana mno, bila hizo mtu atapasuka. Hapa kijiweni kuna wazee na vijana tunacheza bao tangu asubuhi. Mtu akiinamia bao saa mbili, kwa hizo saa mbili hadaiwi kodi, hana njaa, hana bosi. Anakuwa mtu kama watu. Akisimama tu, yote yanarudi. Ndiyo maana wengine hawasimami mpaka giza linaingia. Nakuambia hivyo kwa sababu wewe unalijua bao.

Zamu yangu: nimechukua shimo la tatu la mbele, kete nne, nimesambaza, nimekula shimo lako la tano. Umeona, sijaisha.

Mtamba anaendeleaje? Muuzeni mapema, msingoje bei.

Venant


Igoma, Mwanza
9 Julai 1995

Venant,

Marahaba. Pamba imevunwa, bei yake ni ya kutukana mtu. Wanunuzi sasa ni wengi, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ina tabia yake. Mihogo ipo. Mimi nipo.

Wiki iliyopita kulikuwa na ngoma ya mavuno. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikamwambia Suzana twende. Tumefika, nakuta uwanja wamezungushia magunia, na mlangoni kasimama Chenge na kitabu cha tiketi. Chenge huyuhuyu niliyemfuta makamasi.

Akasema, "Shikamoo bibi. Kiingilio."

Nikamwambia, "Marahaba. Kiingilio cha nini?"

"Cha ngoma, bibi. Mambo yamebadilika. Ngozi za ngoma zimepanda bei, wachezaji wanataka soda."

"Chenge, katika uwanja huu mimi nilikuwa naanzisha wimbo kabla mama yako hajaota meno. Nani alinilipa? Nani alinipa soda?"

Akasema, "Ndiyo maana mkaacha, bibi."

Suzana akacheka mpaka akashika magoti. Sikumsemesha njia nzima. Lakini kwanza tulikaa nje ya magunia, sisi na watu wengine kama sisi, tunasikiliza. Suzana akapata tundu, akawa ananisimulia. Anasimulia vibaya kama anavyokaanga. "Sasa wanarusha majembe. Sasa wamesimama. Sasa mmoja ameanguka, hapana, ni mtindo." Nikarudi nyumbani na ngoma yangu ya kusimuliwa. Nikaona mwaka huu nimekwisha kuwa kama wewe, mtu wa kusikilizia ukutani.

Basi nikakaa kwenye bao ili nipoe. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitanii.

Shimo lako la tatu la mbele nililila mwezi wa pili. Nikakuambia lisafishe. Tangu siku ile hakuna kete iliyopita pale, yako wala yangu. Nimerudia kuanzia mwanzo mara tatu, nimepapasa kwa kidole. Ni tupu. Wewe umetoa humo kete nne. Umezitoa wapi? Kama ungekuwa unaiba, ungeiba kwa akili, nilikufundisha mwenyewe. Mtu ambaye ana bao mbele yake hawezi kuingiza mkono kwenye shimo tupu akatoka na kete.

Kwa hiyo huna bao. Na mtu aliyelibeba bao la babu yake miaka saba halafu leo hana, basi na vingine hana. Chumba hana. Zamu ya usiku hana.

Bao liko wapi, Venant?

Kashindye


Tandika, Dar es Salaam
6 Agosti 1995

Bibi,

Shikamoo. Leo sina utani.

Kazi haipo. Iliisha mwezi wa kwanza, kabla ya barua yako ile ya neno moja. Walitupanga mstari uani wakasoma majina, langu lilikuwa la nne. Walisema malipo yatafuata. Mpaka leo tunaambiwa yako njiani.

Bao nililiuza mwezi wa tano kwa muuza vinyago wa kule mjini. Alilisifu sana. Tulikula wiki moja. Baada ya hapo nilichora bao letu kwa mkaa sakafuni, nikaweka vizibo vya soda badala ya kete, nikawa nacheza na wewe hivyo. Siku moja Nestory akapiga deki. Nikajitahidi kukumbuka. Kumbe sikukumbuka.

Usiniambie nirudi. Wote nilioondoka nao wamerudi na baiskeli, na redio, na bati za nyumba. Nikirudi na begi tupu Suzana atatangaza mpaka Kamanga. Niache nitafute kitu kwanza.

Nisamehe kwa lile bao.

Venant


Igoma, Mwanza
20 Agosti 1995

Venant,

Marahaba.

Nimesoma barua yako juani, herufi moja moja, siku mbili. Ya kazi sikushangaa. Ya bao, nilitoka nje nikakaa na kuku. Mahali fulani Ulaya mtu amelilaza bao la Luhaga mezani, ameweka karanga kwenye mashimo, na wageni wanachovya mikono. Mwanamume yule alichonga miezi minne, kisu kikamkata kidole, damu imo humo ndani ya ule mti. Ninyi mkala wiki moja. Nimesema, sirudii.

Sasa rudi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya hawala ya posta. Niliisimamia mwenyewe kule Nyamagana, nusu siku. Ni nauli ya treni, daraja la tatu, na ya kula njiani, na ya kununua viatu kama vyako vimeisha, maana najua wewe unaogopa watu kuliko njaa. Imezidi kidogo. Usiulize imetoka wapi. Nimekukataza.

Hutakaa bure. Wewe unajua bati na masufuria. Huku hakuna anayenunua sufuria mpya tena, kila nyumba ina sufuria iliyotoboka inayozibwa kwa sabuni. Nimetangaza kwamba fundi anakuja kutoka Dar es Salaam. Sikusema amefukuzwa, nimesema anakuja. Wameshaleta sufuria sita na karai moja, ziko nyuma ya mlango. Champaben, yule mama wa duka la vitambaa mjini, amesema na yeye ana birika la mama mkwe wake linalovuja, na mkwewe hataki kuliacha. Alinishika mkono kunivusha dukani, akasema, "Kashindye, hata mimi siku hizi nakaa tu kwenye kiti, watu wanashika kitambaa, wanauliza bei, wanakirudisha taratibu kama mtoto aliyelala." Tukacheka wote wawili. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Panda treni ya mwanzo wa mwezi wa tisa. Nitakuwa stesheni. Suzana akitangaza mpaka Kamanga, na atangaze mpaka Ukerewe. Aibu haili ugali.

Bibi yako


Igoma, Mwanza
24 Septemba 1995

Venant,

Nilikwenda stesheni. Treni ilishusha watu, ikashusha magunia, ikashusha hata mbuzi wa mtu. Nilisimama pale wanapotokea. Niliwauliza vijana wawili kama wao ni wewe. Wa kwanza akacheka. Wa pili akanishika mkono akanivusha barabara. Sikuwa nimemwomba.

Wiki iliyofuata nilikwenda tena. Na iliyofuata.

Wenye sufuria wanakuja kuzichukua moja moja. Kila mmoja anasema tu, "Bibi, nilikuwa napita." Imebaki karai.

Uko wapi? Umeugua? Hawala umeipata? Niandikie kwa herufi kubwa.

Kashindye


Tandika, Dar es Salaam
29 Oktoba 1995

BIBI,

SHIKAMOO. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA KAMA ULIVYOSEMA.

HAWALA NILIIPATA. NILIKWENDA MPAKA STESHENI, NILIKUWA NIMESHASIMAMA KWENYE FOLENI YA TIKETI. NESTORY AKANIFUATA. AKASEMA YEYE ANA KIDOGO, MIMI NINA KIDOGO, TUKIUNGANISHA TUNAPATA BELO LA MITUMBA, TUNAUZA WIKI MBILI, PESA INARUDI MARA MBILI. NAULI INABAKI NA MIMI NAKUJA NA MKONO WENYE KITU. NIKAONA NI KWELI. NIKATOKA KWENYE FOLENI.

BELO HULIFUNGUI KABLA HUJANUNUA, BIBI. NI KAMA BAHATI NASIBU. WENZETU WALIOTUTANGULIA WALIPATA MASHATI MAZURI, MMOJA ALIPATA SURUALI ZA JEANS TUPU. TULIPOKATA KAMBA ZA LETU WATU WALITUZUNGUKA. NDANI YAKE YALIKUWA MAKOTI. MAKOTI YA THELUJI, MAZITO KAMA GODORO, YENYE MANYOYA SHINGONI. SITINI NA MBILI. DAR ES SALAAM, MWEZI WA TISA. WATU WALICHEKA MPAKA WAKAKAA CHINI. MMOJA ALIVAA MOJA AKACHEZA NALO DANSI, WAKAMPIGIA MAKOFI. HIYO NDIYO STAREHE TULIYOTOA KWA PESA YAKO.

TUMEUZA MAWILI, KWA MLINZI NA KWA MTU WA CHUMBA CHA BARAFU. NESTORY AMEONDOKA, SIJUI ALIKO. MIMI NALALA JUU YA MENGINE.

SIKUULIZA NAULI ILITOKA WAPI KWA SABABU ULINIKATAZA. NAOMBA TU UNIAMBIE MTAMBA YUKO SALAMA NA KWAMBA MMEPANGA SIKU YA KUPASULIWA. NIKIJUA HILO NITALALA.

VENANT


Igoma, Mwanza
3 Desemba 1995

Venant,

Barua yako imesomwa na Suzana. Nilimwita kwa sababu hata kubwa zako sikuziweza. Anasoma kama anavyouza mapanki, anapaza sauti pale penye aibu. Alipofika kwenye makoti alicheka kidogo, halafu akaniangalia, nadhani, maana alinyamaza. Akamaliza taratibu. Leo asubuhi ameniletea chumvi. Amenunua pakiti nzima, akaiacha mezani akaondoka.

Hii naandika mwenyewe. Nimeikunja karatasi mikunjo mikunjo, naandika juu ya mkunjo huku nafuata kwa kidole cha mkono wa pili. Neno likikaa juu ya jingine, yasome yote mawili.

Unasema hukuuliza nauli ilitoka wapi kwa sababu nilikukataza. Mangapi nilikukataza ukayafanya? Nilikukataza pombe, ukanywa. Nilikukataza kupanda mwembe wa padri, ukavunjika mkono. Hilo moja tu ndilo ulilotii. Hukuuliza kwa sababu ulijua. Mwanamke mzee wa Igoma, kuku wamekufa, pamba imekosa bei, anatoa wapi nauli ya treni mwezi wa nane? Ulijua tangu kwenye foleni.

Umeuliza kama mtamba yuko salama. Nkwabi alimuuza tarehe kumi na mbili ya mwezi ule. Nikampandisha kwenye hawala, akafika Dar es Salaam, ukamwingiza kwenye belo. Mlipokata kamba mkakuta makoti. Huyo ndiye mtamba.

Hukunituma nikupe jicho. Nililitoa mwenyewe, kwa akili yangu, nilijua ninalofanya. Nilijipangia hivi: jicho moja linaangalia nini peke yake ndani ya nyumba hii? Mtu akirudi, atanionyesha njia, ataniambia kuku wako wangapi. Nikaona ni biashara nzuri. Kumbe na mimi nimenunua belo.

Nilikwenda hospitali wiki iliyopita, mvua zilikuwa zimeshaanza. Daktari yule mwenye mkono mwepesi akanikalisha. Nikangoja. Nikamuuliza, "Mwanangu, umewasha tochi?" Akasema, "Tangu muda, bibi." Hakunidai kitu siku hiyo. Nilipofika dirishani nikasema nataka kuchangia kama watu wote, yule binti akasema hapana bibi, nenda tu. Ndipo nikajua kwamba ni kweli.

Sikuchukii. Nimejaribu, kwa siku tatu, nikachoka. Najua ulikuwa unataka kurudi na kitu mkononi. Kila mtu siku hizi anataka kurudi na kitu, na kila kitu kiko ndani ya belo la mtu mwingine. Hata hivyo nimekasirika, na nitakufa nimekasirika, uelewe hivyo pia. Yote mawili yanakaa pamoja humu ndani, hayagombani.

Mabaya hayana haja ya kuhesabiwa. Ugali upo. Naula kwa kupapasa. Suzana ananipikia mboga nisipotaka na nikitaka. Redio nimempa mtoto wake, betri sina na habari sizihitaji. Asubuhi nakaa nje, nasikia watu wanapita wanaulizana bei, wanashangaa, wanaendelea kwenda. Hiyo ndiyo starehe yangu.

Usiandike tena. Sitaki Suzana anisomee, kwa sababu siwezi kujua kama amesoma uliyoandika au ameniongezea ya kunifariji. Kwangu barua sasa ni karatasi tu. Nauli nyingine sina, wala mtamba mwingine sina. Ukipata njia, njoo. Usipopata, basi, nitakuwa nimeshajua.

Lakini ukija, usifike ukasimama mlangoni kimya ukingoja nikuone na kufurahi. Nitadhani ni mtu wa sufuria. Sema jina lako.

Kashindye